Ng'ombe wanne kati yangu na Meza ya Bwana: neema inaanzia wapi?

MamaMukene (Mbale)

Bwana Yesu asifiwe, ndugu zangu. Naomba mnisome hadi mwisho kabla ya kunijibu, maana jambo hili nimewauliza wengi hapa Mbale, Uganda, na kila mtu hunijibu kipande kinachompendeza.

Mimi ni Mteso, mtoto wa polisi. Tulilelewa kambini, ndiyo sababu Kiswahili kikawa lugha ya nyumbani kwetu. Mume wangu ni Mgisu wa Bungokho, anashona viti vya bodaboda. Mimi nauza mukene, yaani dagaa, na samaki wa moshi sokoni. Tumeishi pamoja tangu kabla ya kifungua mimba wetu, na huyo sasa ni kijana wa sekondari, ana sauti nzito kuliko ya baba yake.

Kanisani kwetu, na jina la kanisa sitalitaja, naimba kwaya, nafagia zamu yangu ikifika, na wageni wakija mimi ni mmoja wa wapishi. Lakini mkate na kikombe vinapoletwa, nabaki kwenye benchi. Sisi hatujafunga ndoa ya kanisani, na walio kama sisi hawakaribii meza. Binti yangu mdogo aliwahi kuniuliza kwa sauti, watu wakisikia, "Mama, wewe ulifanya nini?"

Mnielewe: siipingi ndoa ya kanisani. Naitaka, na mume wangu anaitaka. Kinachotuzuia ni barua. Mchungaji anataka barua ya wazazi wangu inayosema mahari imekwisha. Baba yangu amefariki. Baba zangu wadogo kule Kumi wanasema bado ng'ombe wanne, na bila hao hawatii sahihi. Siwalaumu wazee wale. Wateso waliporwa ng'ombe miaka ya 1980, wavamizi kutoka Karamoja wakaacha mazizi matupu, na kuna nyumba ambazo hazijasimama tena mpaka leo. Binti akiolewa ndipo zizi hupata uhai. Lakini ng'ombe mmoja siku hizi ni zaidi ya milioni, na fundi wa viti vya bodaboda atatoa wapi ng'ombe wanne huku analipa karo?

Sasa swali. Juzi somo lilikuwa Waefeso 2: "Kwa maana mmeokolewa kwa neema, kwa njia ya imani, ambayo hiyo haikutokana na nafsi zenu, ni kipawa cha Mungu." Mchungaji alihubiri vizuri mpaka nikalia. Alisema hakuna awezaye kulipa, Kristo amekwisha kulipa. Kisha meza ikaandaliwa, nikabaki benchini kwa sababu ya deni. Ikiwa neema ni bure, mbona mlangoni pa meza naulizwa risiti? Au nachanganya mambo mawili? Na kama sheria bado ipo, ni ipi iliyobaki na ipi iliyokwisha? Jirani yangu Msabato ananiambia Amri Kumi zote zipo, pamoja na ya nne, ile ya Sabato. Na kijana wangu, kwa kuwa huu ni mwaka wa imbalu, tohara ya Wagisu, amefungua Wagalatia 5:2 akanisomea kwamba ukitahiriwa Kristo hatakufaidia neno. Anauliza kama akisimama mbele ya kisu cha babu zake atakuwa amemkana Yesu. Sikuwa na jibu.

Katekista_Tororo

Mama, pole sana. Swali la binti yako limenigusa.

Nianze na kwetu. Sisi Wakatoliki pia, wanaoishi pamoja bila ndoa ya kanisani hawapokei Komunyo. Kwa hiyo sitakuja hapa kujifanya kanisa letu limekwepa swali lako. Lakini nakuomba utenganishe vitu viwili. Kutopokea mezani si hukumu kwamba Mungu hakupendi au kwamba hujaokoka. Ni kwamba meza ni tendo la hadharani, na ndoa nayo ni tendo la hadharani, na Kanisa linataka haya mawili yaseme jambo moja.

Watu hupenda kusema Wakatoliki wanafundisha wokovu wa matendo. Hapana. Mtaguso wa Trento, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, mwaka 1547 ulisema kwamba hakuna kinachotangulia kuhesabiwa haki, iwe imani au matendo, kinachoistahili neema hiyo. Na tarehe 31 Oktoba 1999, kule Augsburg, Walutheri na Wakatoliki walitia sahihi tamko la pamoja kwamba tunakubaliwa na Mungu kwa neema tu, katika imani, na si kwa stahili yetu. Wamethodisti waliungana nalo 2006. Kwa hiyo kwamba neema ni ya bure, hapo hatugombani tena. Ugomvi uliobaki ni hapo ulipo wewe: neema ikishakushika, inakudai uishi vipi, na nani ana haki ya kukuuliza?

Kuhusu ng'ombe niseme wazi. Sheria ya Kanisa Katoliki haidai mahari ili ndoa iwe halali. Inadai ridhaa ya huyu mume na huyu mke, pasiwe na kizuizi, na wafunge ndoa mbele ya mhudumu wa Kanisa na mashahidi wawili. Basi. Barua ya wazazi ni busara ya kichungaji, ili baadaye ukoo usije kuvunja nyumba. Busara ni njema, lakini busara si amri ya Mungu. Muulize mchungaji wako kwa upole: katika kanisa letu, hili limeandikwa wapi?

Kijana_Ntinda

Mama toka hapo!! Njoo makanisa ya kiroho, huku hakuna sheria, ni neema tupu. Rum 6:14, "hamwi chini ya sheria, bali chini ya neema". Utakula meza ya Bwana Jumapili hii hii.

MamaMukene (Mbale)

Asante mwanangu, najua umesema kwa upendo. Lakini dada yangu anasali kwenye kanisa la namna hiyo, nami nimekwenda naye. Pale hakuna anayekuuliza cheti cha ndoa. Unaulizwa mbegu umepanda kiasi gani, na mwenye bahasha nene anaketi mbele. Mwanamke akiugua wiki mbili anaambiwa imani yake ni ndogo. Hiyo nayo ni sheria, tena haijaandikwa popote, kwa hiyo huwezi hata kuisoma ukajua umeivunja wapi. Na ukisoma Warumi 6 usiache mstari wa 15, unaouliza kama basi tufanye dhambi kwa kuwa tuko chini ya neema, ukajibu hasha.

Msabato_Kasese

Dada, amani kwako. Jirani yako amesema kweli lakini labda ameanza katikati.

Fungua Kutoka 20. Watu huanza kusoma mstari wa 3, "usiwe na miungu mingine". Anza wa 2: "Mimi ni BWANA, Mungu wako, niliyekutoa katika nchi ya Misri, katika nyumba ya utumwa." Israeli walivuka bahari kwanza, Sinai ikaja baadaye. Hakuna aliyeulizwa pale Misri kama anashika Sabato ndipo apite. Kondoo alichinjwa, mlango ukapakwa damu, watu wakatoka, na baada ya kutoka ndipo Mungu akawaambia watu huru huishije. Neema imetangulia sheria hata katika Agano la Kale. Mimi Sabato siitunzi ili niokolewe. Naitunza kwa sababu mtumwa hana siku ya kupumzika, na mimi si mtumwa tena.

Yesu alisema hakuja kuitangua torati bali kuitimiliza. Kwa hiyo usimsikilize anayekwambia hakuna sheria. Usizini ipo. Usiibe ipo. Waheshimu baba yako na mama yako ipo, na baba zako wadogo wanaingia humo. Nami sikubaliani na wanaosema amri ya siku ya saba imekufa huku nyingine tisa zikiwa hai, lakini hilo tuliache leo, lisije likaumeza mjadala wako.

Ila ng'ombe wanne katika zile Amri Kumi sijawaona.

Mzee_Bungokho

Binti yangu, mimi ni mzee wa huku kwa mumeo. Nimekuwa msomaji wa kanisa, nikafundisha kipaimara, sasa nimestaafu na macho yamechoka, kwa hiyo mjukuu ananiandikia. Nitaandika kwa urefu kwa sababu kijana wako ameuliza swali ambalo Mgisu yeyote mwenye Biblia lazima alijibu siku moja.

Wagalatia inaongelea kisu na meza pamoja. Watu huisoma kama mafundisho ya hewani, lakini sura ya 2, kuanzia mstari wa 11, inasimulia ugomvi wa chakula. Petro alikuwa Antiokia akila pamoja na watu wa Mataifa, wasiotahiriwa. Wakaja watu kutoka kwa Yakobo, Petro akaogopa, akajitenga. Barnaba naye akavutwa. Paulo akampinga Petro uso kwa uso, mbele ya wote. Ni hapo, katika maneno yaliyotokana na sahani na viti, ndipo linapotokea neno kwamba mwanadamu hahesabiwi haki kwa matendo ya sheria, bali kwa imani ya Kristo Yesu.

Usiwadharau wale waliotoka kwa Yakobo. Walikuwa na andiko. Kutoka 12:48 inasema asiyetahiriwa asile Pasaka. Tahiri kwanza, ndipo ukaribie. Torati yenyewe iliunganisha kisu na meza, na Paulo, Mfarisayo aliyesoma, alilijua andiko hilo kuliko sisi sote. Hata hivyo alisimama akasema kwamba tangu Kristo amekufa na kufufuka, mtu anaketi kwenye meza hii kwa sababu Kristo amemwita. Akarudi kwa Abrahamu: katika Mwanzo 15 alimwamini Mungu akahesabiwa haki, na tohara inakuja sura ya 17. Alihesabiwa haki kabla hajaguswa na kisu. Warumi 4 inalisema hilo waziwazi.

Hapa kwetu Mbale kuna mtu aliyelichukua andiko upande wa pili kwa ukamilifu. Semei Kakungulu, yule jemadari Mganda aliyeijenga Mbale, alikuwa Mprotestanti. Akasoma vitabu vya Musa, akaona tohara, akaona Sabato, akasema kama Mungu alisema, alisema. Mwaka 1919 akatahiriwa, yeye na wanawe, na wafuasi wake ndio Abayudaya, Wayahudi wa Uganda, ambao hadi leo wapo Nabugoye. Kakungulu alifariki 1928. Mimi nimekaa na majirani hao, na nawaheshimu, na sipendi Wakristo wanaohubiri kana kwamba Wayahudi hujaribu kumnunua Mungu kwa matendo. Torati yao yenyewe, Kumbukumbu 7, inasema Mungu aliwachagua kwa sababu aliwapenda, wala si kwa wingi wao. Tofauti yetu nao ni Yesu ni nani. Tusiwasingizie nyingine.

Sasa kijana. Mwambie asome na Matendo 16:3. Paulo huyuhuyu alimtahiri Timotheo. Na katika Wagalatia 2:3 anasimulia alivyokataa Tito asilazimishwe. Kisu ni kilekile. Timotheo, ambaye mama yake alikuwa Myahudi, alitahiriwa ili aweze kuingia kwa Wayahudi kuwahubiria. Tito alikuwa analazimishwa kana kwamba bila hivyo hajakamilika mbele ya Mungu. Hapo ndipo Kristo "hatawafaidia neno", pale mtu anapokiweka kisu mahali pa msalaba. Imbalu inamfanya kijana kuwa mwanamume mbele ya Wagisu. Haimfanyi mwana wa Mungu, wala haimwondolei uwana huo. Akitaka kusimama uani kwa babu zake, asimame. Akitaka kwenda hospitali, aende, na asiruhusu mtu amwite mwoga. Kuna mambo katika sherehe, ya kuwaita wafu na pombe ya usiku kucha na matusi ya nyimbo, hayo ayapime na dhamiri yake na azungumze na baba yake mapema, maana siku yenyewe ngoma zikianza hakuna mtu anayefikiri.

Nije kwako. Wanaokuzuia husoma 1 Wakorintho 11, kwamba mtu ajihoji nafsi yake ndipo aule mkate. Ni andiko la kweli na nimelisoma mimi mwenyewe madhabahuni mara nyingi. Lakini lisome kutoka mstari wa 20. Kosa la Wakorintho lilikuwa nini? Wenye navyo walitangulia kula, wasio na kitu wakabaki na njaa. Paulo anauliza kama wanalidharau kanisa la Mungu na kuwatahayarisha hao wasio na kitu. Yaani sura tunayoitumia kulinda meza iliandikwa kuwatetea maskini waliokuwa wakiaibishwa mezani. Nikilifikiria hilo nikikumbuka akina mama wa benchi la nyuma, roho inaniuma.

Lakini nisikudanganye. Kanisa lina haki ya kukuuliza ndoa. Ahadi ya mume na mke mbele za Mungu na watu ni jambo zito, na wanaume wengi wa huku wametumia "tutafunga tu" kama mlango wa kutokea. Wewe mwenyewe umesema unaitaka. Ninachokataa ni ng'ombe kuwa mlango wa ahadi, na ahadi kuwa mlango wa meza, mpaka mwishowe zizi la Kumi ndilo linaloamua nani ale mwili wa Bwana. Atakayesema Kutoka 22 inataja mahari, ni kweli inataja, inambana mwanamume aliyembembeleza msichana asimtupe. Haisemi msichana anyimwe Pasaka kwa deni la mwanamume.

Bibi_Kabale

Tumsifu Yesu. Mzee amesema, mimi nitaongeza kidogo tu, kama mlokole wa zamani.

Uamsho wetu ulianza kwa watu wawili, Simeoni Nsibambi na daktari Joe Church, waliokutana Namirembe mwaka 1929 wakakiri pamoja kwamba wana njaa ya Mungu. Ukatoka Gahini kule Rwanda ukatufikia Kigezi. Ilikuwa neema tupu: damu ya Yesu, kuungama, kutembea nuruni. Mwaka 1941 wanafunzi 26 walifukuzwa chuo cha Mukono kwa sababu hawakutaka kunyamaza kuhusu dhambi na wokovu. Tulijua kuteswa na sheria za wakubwa.

Na sisi hao hao tukatunga zetu. Mama aliyevaa shanga hajaokoka. Baadaye wakatokea waliojiita Waliozukuka, yaani walioamka upya, wakasema hata kukopa pesa ni dhambi. Mimi nilipenda ushirika ule na bado naupenda, ulinifundisha kumwomba mume wangu msamaha na yeye kuniomba mimi, jambo ambalo mama yangu hakuliona maisha yake yote. Lakini niliona dada mmoja akisimamishwa katikati ya ushirika kwa sababu ya deni la chumvi dukani, akatoka na hakurudi. Wakati ule niliona ni utakatifu.

Mwanangu, usiache kwenda kanisani kwa ajili ya benchi hilo. Na usikubali kunyamaza ukiwa umekaa juu yake.

MamaMukene (Mbale)

Wazazi wangu, nimesoma nikiwa kibandani, wateja wakadhani nimefiwa.

Mzee, kijana amesoma ile ya Timotheo na Tito mara mbili. Amesema atazungumza na baba yake kuhusu pombe na nyimbo. Kuhusu kisu bado anafikiri, nami nimemwacha afikiri.

Ndugu wa Kasese, kile cha bahari kwanza na Sinai baadaye nitakibeba. Nimekuwa nikiishi kana kwamba bado niko Misri nasubiri kufuzu.

Lakini nina wasiwasi. Nikimwendea mchungaji na maneno haya, si ataona nimefundishwa na watu wa simu kuja kumpinga? Ni mtu mwema. Mtoto wangu alipolazwa, alikesha nasi wodini. Na baba zangu wadogo, je? Nikiwaambia Paulo hadai ng'ombe, wataniambia Paulo si Mteso.

Katekista_Tororo

Baba zako wadogo usiwaendee na Paulo. Waendee na shangazi yako mkubwa kama yupo, na mzee mmoja wa upande wa mume. Waambieni deni halikanwi. Linaandikwa, mume analitambua mbele ya mashahidi, na litalipwa kidogo kidogo. Kinachoombwa ni sahihi ya kuruhusu ndoa. Hizo ni karatasi mbili tofauti. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya Uganda, katika kesi iliyoletwa na shirika la MIFUMI la kwetu huku Tororo, haikufuta mahari, ilifuta kudai irudishwe ndoa ikivunjika. Kwa hiyo hakuna anayewaambia wazee kwamba mila yao ni haramu. Wakijua hilo, hasira hupungua. Nimeona familia mbili zikikubali hivyo.

Na uliza kama parokia yenu ina ndoa za pamoja. Sehemu nyingi wanandoa hufungishwa wengi siku moja, bila karamu, bila gauni la kukodi. Gharama isiwe ukuta wa pili.

Mzee_Bungokho

Binti, usiende peke yako kwa mchungaji. Mimi nitakwenda nawe, na mumeo awepo, asikutume wewe kama kwamba ndoa ni ya mwanamke. Hatuendi kumpinga. Tutamuuliza swali moja: mwenye ndoa ya kanisani anayempiga mkewe, na mwenye cheti anayekula pesa za ujenzi, hao wanajihojije kabla ya kukaribia meza? Kisha tutanyamaza tumsikilize. Mtu aliyekesha wodini na mtoto wako atatusikia.

Lete barua ya zamani ya utambulisho kama mnayo, hata kama imeandikwa ng'ombe wachache. Na jina la shangazi wa Kumi, mjukuu wangu atampigia simu.

MamaMukene (Mbale)

Barua ipo, ina alama ya kidole cha marehemu baba. Shangazi yupo Ngora, na ndiye pekee ambaye wale wazee humwogopa. Siku ya soko siwezi, mzee, lakini Ijumaa alasiri mume wangu anafunga karakana mapema. Tutakuja kwako kwanza.